Kolesteroli ya bi mkubwa ilishuka tukashangilia, kumbe kansa ya utumbo ndiyo ilikuwa inamla

Mwalimu_Temeke (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Nimekaa na karatasi nne za maabara mezani na nimeona nisilale kabla sijaandika, maana najua humu kuna familia nyingine inafanya kosa lile lile tulilofanya sisi, tena kwa mapenzi.

Bi mkubwa wangu ana miaka 64. Mwaka jana tuliambiwa ana saratani ya utumbo mpana na kwamba imeshatua kwenye ini. Hatua ya nne. Kabla ya hapo alitibiwa bawasiri miezi minane kwa sababu ya damu kwenye choo, na hakuna aliyewaza kumpeleka kwenye kipimo cha kamera. Hilo lina uzi wake siku nyingine. Leo nataka kusema habari ya kolesteroli, wengine mnaiita lehemu.

Mama ni mtu wa presha wa siku nyingi. Mwaka 2017 kolesteroli yake ilikuwa 251, akaanzishiwa atovastatini, kidonge kimoja cha miligramu 20 kila usiku. Kuanzia hapo kila tukipima inacheza kati ya 180 na 195. Miaka yote hiyo dozi haikubadilika. Alipoanza dripu za kansa ikawa 162. Baada ya dripu ya nne ikasoma 118.

Tulifurahi jamani. Dada yangu mkubwa alipiga picha ile karatasi akaituma kwenye kundi la familia, shangazi wa Tanga akajibu kwa vigelegele. Tukaona kumbe ile mboga ya kuchemsha bila mafuta inalipa. Maana tangu ugonjwa ugundulike, dada alikuwa ameondoa nyumbani kila chenye mafuta: tui la nazi, kiini cha yai, karanga, maziwa mazito, samaki wa kukaanga. Mama alikuwa anakula mchicha wa maji na ugali kidogo, anasukuma sahani. Akisema hana hamu, tunamwambia vumilia mama, mafuta yanalisha kansa.

Siku ya kliniki nilimwonyesha daktari ile 118 kwa fahari kabisa. Hakuifurahia. Aliniuliza swali moja: "Uzito wake miezi sita iliyopita ulikuwa ngapi?" Nikamwambia 74. Akamsimamisha mama kwenye mizani: 62. Halafu akanionyesha mstari mwingine kwenye karatasi ile ile ambao sisi tulikuwa hatujawahi kuutazama, albumini, yaani protini ya damu inayotengenezwa na ini, 2.8. Akasema, "Mwalimu, kidonge ni kile kile, dozi ni ile ile. Kilichoshusha namba hii ni ugonjwa na njaa."

Mimi nafundisha baiolojia kidato cha tatu na cha nne. Nilitoka pale nimeinama. Tangu siku hiyo nimesoma kila nilichoweza kukipata, na daktari wetu amekuwa na subira ya kunisahihisha.

Kolesteroli nyingi iliyo kwenye damu haitoki kwenye sahani, hutengenezwa mwilini, na ini ndilo kiwanda kikubwa. Sasa karibu damu yote inayotoka kwenye utumbo hupita kwanza kwenye ini kabla ya kuzunguka mwilini. Ndiyo maana kansa ya utumbo mpana ikisafiri, kituo chake cha kwanza mara nyingi ni ini. Kiwanda kinavamiwa. Wakati huo huo mwili mzima uko vitani na kansa, unamwaga kemikali za vita kwenye damu, mojawapo inaitwa intalukini-6, na ini likipata ujumbe huo hubadilisha kazi: linaacha kutengeneza albumini kwa kasi yake ya kawaida, linatengeneza protini za dharura, na mafuta ya kwenye damu nayo yanavurugika, hasa HDL, ile tunayoiita kolesteroli nzuri. Seli za kansa nazo zinagawanyika bila kukoma na kila seli mpya inahitaji utando, na utando wa seli una kolesteroli ndani yake, kwa hiyo zinavuta LDL, ile tunayoiita kolesteroli mbaya, kutoka kwenye damu. Juu ya yote hayo mgonjwa hali chakula. Ukijumlisha, namba inashuka yenyewe, na mtu asiyejua anapiga vigelegele.

Wakuu, mwenye mgonjwa wa hatua hii nyumbani, nakuomba uache kusoma kolesteroli peke yake kama unavyoisoma kwa mtu wa presha. Isome pamoja na uzito na albumini. Ikishuka ghafla na hakuna aliyebadilisha dawa, mpeleke kwa daktari ukiwa na swali.

---

Nyangumi77

Pole sana mkuu, Mungu amsimamie bi mkubwa. Ila hapa mimi sijakuelewa. Tumeambiwa miaka yote kwamba mafuta na nyama nyekundu ndivyo vinaleta kansa ya utumbo. Sasa wewe unasema turudishe mafuta? Huoni unapotosha watu?

---

Mwalimu_Temeke

Asante mkuu, swali lako ni la haki na hata dada aliniuliza hivyo hivyo.

Kuna mambo mawili tunayachanganya. Kitu kinachomwongezea mtu asiye mgonjwa hatari ya kuja kupata kansa ni jambo moja. Kitu anachohitaji mtu ambaye kansa imeshamkondesha ni jambo jingine. Kuhusu la kwanza sikupingi. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa kansa la Umoja wa Mataifa, lile la Lyon, Ufaransa, liliweka nyama za viwandani, yaani soseji na wenzake, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha kansa, na likasema gramu 50 kila siku huongeza hatari ya kansa ya utumbo kwa kama asilimia 18. Na jirani zetu Uganda alikuwepo yule daktari mpasuaji wa Ireland, Denis Burkitt, alifanya kazi huko tangu 1946 mpaka miaka ya sitini. Aliona kwamba waliokuwa wanakula vyakula vyenye nyuzi nyingi kansa hii kwao ilikuwa adimu, akaliandika hilo mwaka 1971. Kwa hiyo wanangu mimi nawalisha mboga na nawakataza soseji.

Lakini mama amepoteza kilo 12 kati ya 74. Hiyo ni asilimia 16 kwa miezi sita. Wataalamu walikubaliana mwaka 2011 kwamba ukipoteza zaidi ya asilimia 5 ndani ya miezi sita bila kukusudia, hiyo ni kudhoofu kwa kansa, hali yenye jina lake na hatua zake. Yeye ameshapita hapo mara tatu. Kumnyima yai mtu huyu kunamdhoofisha yeye, kansa yenyewe haiguswi. Ina njia mbili: inavuta kolesteroli kwenye damu kupitia mlango wa LDL (walioueleza mlango huo, Brown na Goldstein wa Marekani, walipata Nobeli mwaka 1985), na ikikosa inaweza kutengeneza ya kwake. Inayokosa chakula ni misuli ya mama.

---

Muuguzi_Zamu_ya_Usiku

Nimefanya kazi wodi ya saratani miaka tisa, naomba niongezee kidogo.

Mwalimu amesema kweli. Tunachokiona wodini ni ndugu wanaleta juisi ya rozela na maji ya limau asubuhi, mchana, jioni, mgonjwa anazidi kuisha. Miongozo ya lishe ya wagonjwa wa kansa inayotumika Ulaya inasema kalori 25 mpaka 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na protini zaidi ya gramu 1 kwa kilo, ikiwezekana mpaka gramu 1.5. Kwa mama wa kilo 62 hiyo ni gramu 62 mpaka 93 za protini kila siku. Yai moja lina kama gramu 6. Pigeni hesabu wenyewe muone mchicha wa maji unafika wapi.

Ila na mimi nina tahadhari, tena kubwa. Mgonjwa wa utumbo mpana ambaye uvimbe umebana njia, anayepata msokoto wa tumbo, tumbo linajaa, anatapika, hapiti choo wala hewa, huyo msimbebeshe mboga zenye nyuzi, maganda, wala mahindi mabichi eti kwa afya. Huyo ni wa kurudi hospitali siku hiyo hiyo. Na mwenye kuharisha kwa ajili ya dawa, chakula cha mafuta mengi kwa mkupuo kitamwongezea. Kidogo kidogo, mara sita kwa siku. Uji wa lishe uwekwe siagi ya karanga na maziwa, kikombe kidogo tu, baada ya saa mbili tena. Parachichi lililopondwa. Mtindi. Supu ya samaki yenye tui jepesi. Kama anatumia oksaliplatini, dawa mojawapo ya dripu za kansa, vitu vya baridi vinamchoma koo na vidole siku za mwanzo, kwa hiyo huo mtindi usitoke kwenye friji moja kwa moja.

---

Kibatari

Nasoma kimya. Ila mwalimu umeandika kama vile kila aliyeshuka kolesteroli basi kansa imemzidi. Je, haiwezekani kolesteroli ya chini ndiyo inayoleta kansa? Nilisikia mtu kwenye redio akisema vidonge vya kolesteroli vinaleta kansa, mzee wangu akaacha dawa zake za moyo siku hiyo hiyo.

---

Mwalimu_Temeke

Kibatari, kwanza mwambie mzee arudi kwa daktari wake wa moyo wiki hii. Usisubiri mimi nimalize.

Swali hilo lina zaidi ya miaka hamsini na lina kisa ambacho mimi kimenifundisha sana. Mwaka 1974 Geoffrey Rose wa London na wenzake, Ancel Keys akiwemo, walichapisha kwenye jarida la kitabibu la Lancet. Walitegemea kukuta kwamba waliokuja kupata kansa ya utumbo walikuwa na kolesteroli ya juu, kwa sababu magonjwa ya moyo na kansa hii yanapatikana kwenye nchi zile zile za watu wanaokula sana. Wakakuta kinyume. Ilikuwa chini kuliko walivyotegemea.

Dunia ikaingia hofu. Watu wakauliza kama ulivyouliza: kipi kimemzaa mwenzake? Ni kolesteroli ya chini inayoleta kansa, au ni kansa iliyojificha ndani, bado haijajitangaza, inayoshusha kolesteroli?

Mwaka 1986 Mholanzi mmoja, Martijn Katan, aliandika barua fupi tu kwenye jarida hilo hilo, akatoa wazo ambalo naliona zuri mno. Alisema kuna watu wanazaliwa na jeni inayowapa kolesteroli ya chini maisha yao yote. Hao hawajashushwa na ugonjwa wala na mlo, wamezaliwa hivyo. Ikiwa kolesteroli ya chini ndiyo inaleta kansa, basi jeni hiyo tungeikuta imejazana kwa wagonjwa wa kansa. Wazo hilo leo limekuwa njia nzima ya utafiti.

Kuhusu vidonge, jibu lilikuja kwa uzito mwaka 2012. Walikusanya taarifa za mtu mmoja mmoja kutoka majaribio 27 ya statini, yaani vidonge vya kushusha kolesteroli kama atovastatini ya mama, watu kama 175,000, wakakuta vidonge havikuongeza kansa wala havikupunguza katika muda wa majaribio hayo, kama miaka mitano. Hata wale walioanza na kolesteroli ya chini na kuishusha zaidi. Kwa hiyo mzee wako hana sababu ya kuogopa kansa kwa ajili ya kidonge chake. Kuacha dawa ya moyo ghafla kwa sababu ya redio, hiyo ndiyo hatari.

Na hujakosea kunibana kwenye neno "kila". Si kila aliyeshuka. Aliyeanzishiwa statini mwezi uliopita atashuka kwa sababu ya dawa. Mimi naongelea kushuka ambako hakuna mwenye maelezo nako.

---

Mama_Zuhura

Sasa mimi nina swali jingine. Mume wangu ana kansa ya utumbo, imeenda kwenye ini kama ya mama yako. Kuna mtu wa dukani kaniambia hizo statini zinaua seli za kansa, kwamba nimnunulie simvastatini nimpe pamoja na dripu. Bei si kubwa. Nimeshanunua boksi mbili. Nisimpe?

---

Mwalimu_Temeke

Dada, usimpe kabla hujazungumza na daktari wake. Nakueleza kwa nini, halafu uamue pamoja naye.

Aliyekwambia hakuzusha hewani. Mwaka 2005 kulitoka utafiti wa kaskazini mwa Israeli: waliotumia statini miaka mitano au zaidi walionekana kupata kansa ya utumbo kwa uchache, karibu nusu ya wenzao. Habari hiyo ikazunguka dunia nzima. Lakini huo ni utafiti wa kuuliza watu walitumia nini huko nyuma, na anayemeza kidonge kila siku kwa miaka mitano mara nyingi ni mtu anayejitunza kwa mengine pia. Majaribio yale 27 niliyosema juu hayakuona faida hiyo.

Halafu Wakorea walifanya jaribio lenyewe kwa wagonjwa wa hali ya mumeo, likachapishwa mwaka 2015. Wagonjwa 269 wa kansa ya utumbo iliyosambaa. Wote walipata dripu, nusu wakaongezewa simvastatini miligramu 40 kila siku, nusu wakapewa kidonge kitupu kinachofanana nacho. Hakuna aliyejua anameza kipi. Mwisho wa siku kansa haikuchelewa kukua kwa waliopewa simvastatini, wala hawakuishi zaidi. Nililisoma jaribio hilo usiku mmoja nikiwa natafuta kila mlango kwa ajili ya mama, kwa hiyo najua unavyojisikia sasa hivi.

Ungekuwa mlango, dada, ningekuambia.

---

Muuguzi_Zamu_ya_Usiku

Na vidonge hivyo vinaweza kuumiza misuli na kulisumbua ini, na ini la mumeo tayari lina mzigo. Vingine havipatani na dawa za fangasi tunazowapa wagonjwa wakitoka vidonda mdomoni. Peleka hizo boksi kliniki, zionyeshe, usione aibu. Hakuna atakayekugombeza.

---

Chemchemi_Eldoret

Poleni ndugu zangu wa Tanzania. Mimi ni Mkenya, babangu ana ugonjwa huo huo. Nataka kuuliza kinyume. Yeye kolesteroli imepanda. Ilikuwa 4.6 mwezi wa pili, sasa ni 8.1. Sisi huku maabara hutupatia kwa milimoli. Nikasoma uzi huu nikafurahi kidogo, nikadhani basi yeye anapata nguvu. Lakini macho yake yamekuwa ya manjano na anajikuna usiku kucha.

---

Muuguzi_Zamu_ya_Usiku

Dada Chemchemi, mpeleke baba hospitali leo. Usingoje tarehe ya kliniki.

Macho ya manjano, kujikuna mwili mzima, na kolesteroli kupanda kwa mkupuo, hiyo ni picha ya njia ya nyongo kuziba. Kolesteroli hutoka mwilini kupitia nyongo. Njia ikibanwa na uvimbe inarudi kwenye damu. Muulize pia mkojo wake ukoje, kama ni wa rangi ya chai ya rangi, na choo kama kimekuwa cheupe kama udongo wa mfinyanzi. Akipata homa na kutetemeka juu ya hayo ni dharura kabisa. Kuna wanaowekewa mrija mdogo njia ikafunguka, na wanapata nafuu kubwa.

---

Mwalimu_Temeke

Hili sikuliandika mwanzoni na ningepaswa. Asante sana muuguzi. Chemchemi tuambie mmefika.

Kwa wanaosoma na hawajui: ukitaka kugeuza milimoli ya kolesteroli kuwa namba zetu, zidisha kwa 38.67. Ile 8.1 ya baba ni kama 313.

---

Nyangumi77

Mkuu nimerudi. Nimesoma yote na naondoa lile neno la kupotosha. Sasa tuambie basi, kuna namna ya kujua namba hizi kwa pamoja zinasema nini? Maana sisi tusio na daktari mwenye subira tunapewa karatasi tu na kuambiwa njoo tarehe fulani.

---

Mwalimu_Temeke

Ipo, na haihitaji kipimo cha ziada. Waliitengeneza Wahispania, ikachapishwa mwaka 2005, inaitwa CONUT. Inachukua vitu vitatu ambavyo karibu kila mgonjwa wa dripu anapimwa: albumini, kolesteroli yote kwa jumla, na limfosaiti, yaani aina moja ya chembe nyeupe za damu.

Albumini ya 3.5 au zaidi haina pointi. Kati ya 3.0 na 3.49 ni pointi 2, kati ya 2.5 na 2.99 ni pointi 4, chini ya hapo ni 6. Kolesteroli ya 180 kwenda juu haina pointi. 140 mpaka 179 ni 1, 100 mpaka 139 ni 2, chini ya 100 ni 3. Limfosaiti 1,600 kwenda juu hazina pointi; 1,200 mpaka 1,599 ni 1, 800 mpaka 1,199 ni 2, chini ya 800 ni 3. Jumlisha. 0 mpaka 1 lishe iko sawa, 2 mpaka 4 imeyumba kidogo, 5 mpaka 8 imeyumba vya kati, 9 mpaka 12 ni mbaya sana.

Oneni maajabu yake: kwa mtu wa presha 118 ni namba ya kujivunia, hapa inakuongezea pointi mbili za hatari. Mama siku ile alikuwa na albumini 2.8, kolesteroli 118, limfosaiti 1,050. Pointi 4, na 2, na 2. Nane. Mpaka wa hali mbaya kabisa, na sisi tunatumiana vigelegele.

Wajapani wameitumia sana kwa wagonjwa wa kansa ya utumbo, na tafiti kutoka nchi nyingi zinaelekea upande mmoja: wenye pointi nyingi huishi muda mfupi zaidi na hupata shida zaidi baada ya upasuaji. Ukichukua kolesteroli peke yake tafiti zinavutana, wengine wanasema ya chini ni mbaya, wengine wanasema LDL ya juu ni mbaya. Mimi hilo linanipa akili kwamba namba hii ni shahidi mmoja, na shahidi mmoja hahukumu kesi. Tena mtu anayemeza statini atapata pointi za kolesteroli kwa sababu ya kidonge, si kwa sababu ya njaa, kwa hiyo daktari lazima ajue anachomeza.

Na nawaomba, msiifanye hesabu hii mbele ya mgonjwa. Mimi niliifanya jikoni.

---

Kibatari

Mzee amerudishiwa dawa jana. Asanteni.

Na bi mkubwa wako yeye bado anameza atovastatini?

---

Mwalimu_Temeke

Hapana, na hili lilituchukua vikao viwili vya familia.

Daktari ndiye aliyelianzisha. Alitueleza kuhusu jaribio la Marekani la mwaka 2015: wagonjwa 381 ambao madaktari wao walikadiria wamebakiza kati ya mwezi mmoja na mwaka, karibu nusu yao wana kansa. Wote walikuwa wanatumia statini na hawakuwa na ugonjwa wa moyo unaosumbua wakati huo. Nusu waliachishwa, nusu wakaendelea. Ndani ya siku 60, kati ya walioachishwa walifariki 23.8 kwa kila 100, kati ya walioendelea 20.3, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kusema kuacha kunaua. Waliochomoa kidonge hicho walisema maisha yao ya kila siku ni mepesi zaidi kidogo.

Dada alilia. Kwake kidonge kile kilikuwa ni mama wa zamani, mama wa 2017 ambaye shida yake kubwa ilikuwa presha. Kukiacha ilikuwa ni kama kukubali. Daktari hakumharakisha. Alimwambia kidonge kile kilikuwa cha kumlinda mama na kiharusi cha miaka kumi ijayo, na sasa mama ana kazi nyingine ya kufanya mwaka huu. Mama mwenyewe ndiye aliyemaliza kikao. Alisema, "Mimi nameza vidonge kumi na moja kwa siku. Kimoja kikiondoka nitapata nafasi ya chai."

Narudia, huo ulikuwa uamuzi wa daktari anayemjua, kwa mtu asiyewahi kupata shambulio la moyo. Mzee wa Kibatari yeye ni kesi nyingine kabisa.

---

Chemchemi_Eldoret

Tulifika usiku ule ule. Walimpiga altrasaundi, njia ya nyongo ilikuwa imefungwa. Amewekewa mrija juzi. Leo asubuhi hakujikuna na ameitisha uji. Muuguzi, Mungu akuzidishie. Mwalimu, shukran.

---

Mama_Zuhura

Nimefurahi jamani nimelia. Mimi nilipeleka boksi. Daktari alizichukua akaziangalia, akasema tuziache, akamwandikia mtu wa lishe. Nami nina karatasi. Albumini 33, kolesteroli 3.9, limfosaiti 1.3. Nimejaribu hesabu ya mwalimu nimeshindwa, namba zangu ni ndogo sana kuliko zako.

---

Mwalimu_Temeke

Ni vipimo tofauti tu dada, usiogope. Albumini 33 ni ya gramu kwa lita, gawa kwa kumi, ni 3.3: pointi 2. Kolesteroli 3.9 mara 38.67 ni kama 151: pointi 1. Limfosaiti 1.3 maana yake 1,300: pointi 1. Jumla 4. Ameyumba kidogo, bado hajafika alikofika mama yangu. Umewahi. Mpe mtu wa lishe karatasi hiyo pamoja na uzito wa miezi sita nyuma, na uandike kwa siku tatu kila anachokula kweli, siyo unachompakulia.

Na kwa waliokuwa wananiuliza huko ndani: mama alipimwa tena wiki iliyopita. Kolesteroli 134, albumini 3.1, limfosaiti 1,150. Ni 6 sasa, kutoka 8. Uzito 63. Picha ya ini itarudiwa mwezi ujao na sijui itasema nini, kansa ni ile ile. Ila jana jioni dada alipika wali wa nazi na changu wa kukaanga, akamtengea mama pembeni kibakuli chake kidogo kama muuguzi alivyoelekeza. Mama alimaliza, akauliza kama kuna ukoko.

---

Muuguzi_Zamu_ya_Usiku

Ukoko mlainishieni na tui kwanza, mdomo wake una vidonda.

---

Mwalimu_Temeke

Sawa dada. Nimemwambia.